Gemu la Kujificha, na Baba Mkwe Sebuleni

Mimi kukaa siwezi. Ofisini, ambako kazi yangu ni kuandaa nyaraka za malori yanayovuka kwenda Zambia, wenzangu wamezoea kuniona nikiongea na simu huku natembea kutoka dirishani hadi mlangoni, na wameacha kuniuliza nina nini. Kanisani huchagua kiti cha pembeni ili nikichoka nitoke bila kukanyaga watu. Kwa hiyo anayetaka kuelewa ni kwa nini wakati wa baridi mwaka jana nilijifungia chumbani siku nenda rudi nikicheza gemu la zamani la kompyuta, kama mtu asiye na shughuli wala watu, inabidi kwanza nimweleze habari ya baba mkwe.

Mume wangu ni wa Mbebe, kule Ileje, milimani. Mimi ni wa Itaka, Mnyiha wa kahawa na mahindi. Kwetu pia tunawaheshimu wakwe, ila kwa kiasi: ukikutana na baba mkwe njiani unapiga goti, unasalimia macho yakiwa chini, unapita zako. Katika ukoo wa mume wangu jambo hili halina kiasi. Mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawasemeshani, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Mke akisikia mzee anakuja, anaacha njia na kuingia kwenye mahindi mpaka apite. Nimekaa kwenye ndoa miaka mingi, nimezalia humo watoto ambao sasa wako shule za bweni, na uso wa baba mkwe nilikuwa naujua kwa picha ya harusi tu, na hata humo amegeukia pembeni.

Sasa macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Alikuwa anaona vivuli na mwanga wa mlango, basi. Mara ya kwanza walimpeleka kwa mwanawe mwingine aliyeko Mbeya mjini ili asubiri madaktari wa macho. Mke wa huko ni mtu wa mjini, mkarimu, hana neno. Asubuhi akamkuta mzee sebuleni, akamshika mkono: "Shikamoo baba, karibu chai." Mzee akauvuta mkono wake. Alifunga mfuko wake siku ile ile akapanda gari la kurudi kwao, na madaktari wakaja wakaondoka yeye akiwa Mbebe anapapasa kuta.

Safari hii madaktari walitarajiwa Vwawa, na mzee angesubiri kwetu Tunduma. Mume wangu, ambaye ni dereva wa malori ya Kongo, alinikalisha chini kabla hajaondoka. Au tuseme alijaribu kunikalisha.

"Baba akirudi tena Mbebe bila kutibiwa, hatoki tena," alisema. "Atapofukia kule kule. Wewe kazi yako ni moja tu. Asikuone."

"Na chakula atapewa na nani, mzimu?"

"Utajua mwenyewe. Wewe si ndiye bingwa wa kujificha?"

Alikuwa ananitania kwa ajili ya lile gemu la usichana wangu, la kunyata na kujificha. Akaondoka zake, akaniachia mzee na nyumba.

Nyumba yetu ilijengwa na mtu ambaye hakuwa na wakwe. Sebule iko katikati kama njia panda. Vyumba vyote vinafungukia sebuleni, mlango wa mbele uko sebuleni, na mlango wa uani, kwenye jiko, choo na tanki la maji, nao uko sebuleni. Madirisha yana nondo. Mzee alipewa kochi la pembeni karibu na redio, na tangu siku ya kwanza lile kochi likawa kambi yake. Nikitaka maji, mzee. Nikitaka choo, mzee.

Niliomba likizo kazini. Jirani yangu, mwanamke Mwislamu wa Kondoa anayeuza vitenge pande zote mbili za mpaka, ndiye aliyekubali kumpelekea mzee chakula nikishapika. Aliposikia utaratibu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Jirani, umechukua likizo kumhudumia mtu asiyeruhusiwa kukuona? Hiyo likizo au kifungo?"

"Kifungo chenye mshahara."

"Haya. Mimi nitakuwa askari magereza wako."

Basi tukaanza. Mzee alikuwa mstaarabu kupita kiasi, na hilo lilinikera zaidi kuliko angekuwa mkorofi, kwa sababu nilikosa wa kumlaumu. Akitaka kutoka kwenda kuota jua uani, nyuma ya tanki ambako jiko na choo havionekani, alikohoa kikohozi cha makusudi, kirefu, kisha akangoja, kisha akatoka. Akirudi, aligonga fimbo kwenye fremu ya mlango kabla ya kuingiza mguu. Katikati ya kikohozi na fimbo ndipo mimi nilipoishi. Nilichomoka chumbani kama panya, nikapika, nikadeki, nikaenda choo hata kama sina haja, kisha fimbo ikisikika niko ndani na mlango umefungwa. Wakati mwingine jua lilikuwa kali akakaa nje nusu siku. Wakati mwingine upepo wa Tunduma ulikuja na vumbi lake na mzee hakutoka kabisa. Siku hizo nilizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia, kitanda hadi dirisha, dirisha hadi kabati, mpaka jirani akaniuliza kupitia nondo kama nina mchango tumboni.

Ndipo nikaitoa kompyuta mpakato ya zamani niliyouziwa na ofisi, nikatafuta lile gemu.

Nililijua nikiwa msichana. Kaka yangu alikuwa na kibanda Nanyala, kando ya barabara kuu, akichaji simu za watu na kuwawekea nyimbo, na kwenye kompyuta yake mtu fulani alikuwa ameliacha. Likizo za shule, nikitumwa kumpelekea chakula, nilikaa humo mpaka chakula kikapoa. Jina lake silitaji, wanaolijua watalitambua. Wewe ni mwanamke mmoja, huna jeshi, unaingia katika mji wenye ukuta ambao watu wake wamekatiwa maji, na kazi yako ni kumjua anayewauzia wenzake kiu. Askari wako kila kona. Unaweza kupigana, lakini utakufa. Kwa hiyo unajificha, unanyata, unasikiliza milangoni, unadanganya. Na kabla ya kuanza unapewa pointi chache uzigawe mwenyewe: mikono, miguu, masikio au ulimi. Utakavyozigawa ndivyo utakavyoishi humo mpaka mwisho, wala hakuna kubadilisha.

Nikiwa msichana nilizimwaga zote kwenye miguu. Nilitaka mtu anayekimbia. Aliponaswa, nilikimbia. Aliponaswa tena, nilikimbia zaidi, na mji mzima uliishia kunifukuza huku kaka akisema hilo si gemu la kujificha, hizo ni mbio za Mwenge.

Safari hii, nikiwa na mzee nyuma ya mlango, niliziweka zote kwenye masikio. Wala sikufikiria. Nilivaa kisikilizi kimoja tu, sikio la kulia mjini kwa askari, sikio la kushoto sebuleni kwa baba mkwe, na nikashangaa jinsi masikio mawili yanavyoweza kufanya kazi ile ile katika nchi mbili.

Yalitoka matatu yanayofuatana, na nitasema kweli kuhusu hilo la kwanza, kwa sababu wanaolipenda hulisifia mpaka wanachosha. Limezeeka vibaya. Sura za watu zimechongwa kwa panga. Askari ni wapumbavu: unamwangushia ndoo mgongoni, anasema "labda ni upepo," anaendelea na doria. Kamera inayomfuata yule mwanamke inagota ukutani. Nilitukana mara nyingi, kwa sauti ya chini kwa sababu za nyumbani. Lakini lina jambo moja ambalo sikuliona nikiwa msichana mwenye miguu. Ukiwa na masikio, askari wanaongea. Mmoja anamwambia mwenzake kuwa mwanawe hajui kusoma. Mwingine anaumwa jino na anaogopa kulala peke yake. Ukiwasikiliza muda mrefu unajua nani atapita wapi na kwa nini, na unamaliza mji mzima bila mtu hata mmoja kukuona wala kuumia. Mwishoni hakuna tarumbeta. Unatoka getini asubuhi, watu wanachota maji, na hakuna anayejua kama ulikuwepo. Hapo nilifunga kompyuta nikakaa kimya kitandani, jambo ambalo kwangu ni karibu na ugonjwa.

Tarehe ya madaktari ikasogezwa mbele. Mume wangu alipiga simu kutoka kwenye foleni ya malori Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, akauliza, "Hajakuona?" Nikamwambia hajaniona. "Endelea hivyo hivyo," akasema, kama kocha.

Nikaanza la pili. La pili kila mtu analitukana, na mimi nilikuwa mbele kwenye kundi hilo. Wametoa pointi. Mikono, miguu, masikio, yote unapewa kwa pamoja kama pilau ya msibani. Nyumba zimekuwa ndogo, kila mlango unasubiri ufunguke huku skrini imekuwa nyeusi, na juu ya kichwa chako kuna mshale wa njano unaokuonyesha pa kwenda. Mshale ule nilitamani kuupiga kofi. Mtu mzima, umeingia kwenye mji wa watu kwa siri, na kuna kitu kinakuelekeza kama mtalii! Lakini kulirudia kulinipunguzia hasira kidogo. Kuna sehemu katika la pili unaingia mchana, umevaa kama watu wengine, na askari wale wale uliowakwepa wanakusalimia sokoni. Wanauliza bei ya nyanya. Hiyo ndiyo sehemu pekee katika yote ambapo mlinzi ana siku ya mapumziko, na nilijikuta nazunguka sokoni humo bila kazi, nikisalimiwa. Nilikuwa nimekosa salamu kwa majuma mengi. Jirani yeye hasalimii, anaingia akicheka tu.

La tatu ni zuri kwa macho. Mvua yake ni mvua, mawe yanang'aa, nywele za yule mwanamke zinapeperuka. Na limeharibiwa kwa ujuzi mmoja: unaona kupita ukutani. Unabonyeza kitufe na kila askari anageuka mwekundu nyuma ya matofali. Sasa mtu atajificha vipi kutoka kwa watu anaowaona wote? Hofu yote iko kwenye kutojua. Mimi hapa Tunduma ningetoa kitenge kizuri nipate kuona kupita ule mlango wa chumba, lakini najua kuwa ningekuwa naona, nisingekuwa nasikiliza. Nisingekuwa najua kuwa mzee hukohoa tofauti akiwa na huzuni, wala kuwa asubuhi huongea peke yake kidogo, kwa Kindali, lugha ya kwao, kwa sauti ya mtu anayemweleza marehemu mkewe hali ya hewa.

Tena la tatu lina dhambi kubwa zaidi. Kila mwisho wa sura unafungiwa na jitu. Hata kama umenyata vizuri namna gani, hata kama hakuna aliyejua kuwa upo, mlango unafungwa nyuma yako na jitu linakuja na nyundo, upigane. Walioandika gemu lile walichoka na ukimya wao wenyewe. Nilifika kwa jitu la kwanza, likaniponda. Nikarudi, likaniponda. Nikaliacha pale pale likiwa limeinua nyundo.

Kuna kitu kilinisumbua katika yote matatu, na nilikuwa nakizungukia kama ninavyozunguka vyumba. Katika gemu mlinzi anakutafuta. Wangu alikuwa anakohoa ili nisionekane. Alikuwa na kazi ile ile niliyokuwa nayo mimi, na aliifanya akiwa haoni.

Basi ikaja siku ya redio.

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake jioni, redio ikiwa inaongea, ikazimika nayo. Hakuna aliyegusa kitufe. Asubuhi jirani alipeleka uji, akatuaga, akavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na mzigo wake. Mzee akakohoa, akangoja, akatoka kwenda kwenye jua lake la uani. Mimi nilikuwa namalizia kufunga kilemba nitoke nikadeki, ndipo nikaona taa ya chaja imewaka na nikasikia redio sebuleni ikiongea.

Sasa mzee alikuwa na desturi moja: umeme ukirudi tu, popote alipo, hunyanyuka kuwasha redio. Malori yalikuwa yanapiga honi barabarani. Nikasema fimbo haikusikika kwa sababu ya honi. Umeme umerudi, mzee ameingia, amewasha redio. Nikaketi. Nikafungua la tatu, jitu likaniponda.

Redio ikasoma taarifa ya habari. Ikaja bei ya mazao. Ikaja mahubiri, na mhubiri alikuwa wa wale wasiojua kumaliza. Nilikuwa nataka choo. Nikajisemea mzee anapenda mahubiri, akimaliza atatoka. Mahubiri yakaisha, ikaja kwaya. Jua likaondoka dirishani na upepo ukaanza kupiga bati, ule upepo wa mwezi wa saba unaoingia mpaka kwenye meno. Nikavaa sweta. Nikazunguka. Nikafika mahali pa kuangalia ndoo ya nguo kwa mawazo mabaya.

Kisha redio ikaweka muziki wa vijana, ule wenye matusi kidogo, kwa sauti kubwa. Mzee hajawahi kuuvumilia hata ubeti mmoja. Huuzima kwa mkono wenye hasira kiasi kwamba kitufe kimelegea. Wimbo ukaisha. Ukaanza mwingine.

Nilisimama katikati ya chumba. Au sebuleni hakuna mtu, au yupo na hawezi kunyanyua mkono.

Niligonga mlango wangu mwenyewe kutoka ndani. Nikakohoa. Kimya, isipokuwa ule muziki. Nikafikiria Mbebe, nikafikiria mfuko wake anavyoufunga, nikafikiria madaktari waliokuwa wanafika Vwawa juma lile lile. Nikifungua na yeye yuko pale ameketi, macho yake yameisha. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa na sikuweza kuukunja wala kuuondoa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mbele ya askari yeyote, na nilimchukia kila mtu, mume, ukoo, fundi aliyejenga nyumba. Kisha nikafungua.

Kochi lilikuwa tupu. Koti lake lilikuwa juu ya kochi.

Alikuwa uani, nyuma ya tanki, upande ambao jua lilikuwa limeondoka zamani. Ameteleza ukutani mpaka chini, fimbo imeangukia mbali, shati jepesi, midomo ya rangi ya majivu. Hakuwa anatetemeka tena. Niliita juu ya uzio, nikaita jirani ambaye nilijua hayupo, nikaita mtu yeyote. Malori yakajibu.

Aliposikia sauti yangu alinyanyua viganja vyote viwili, polepole, akajifunika uso. Mtu anaganda na bado ananiheshimu! Nilipiga kelele, sijui nilisema nini, nadhani nilimwambia asinifanyie hivyo. Kisha nikageuka, nikachuchumaa nikimpa mgongo, nikavuta mikono yake juu ya mabega yangu, nikasimama naye. Alikuwa mwepesi kama mtoto. Nikamwingiza ndani mgongoni, nikamshusha kwenye kochi bila kugeuza shingo, nikamrushia blanketi, na shuka za kitandani, na sweta langu, nikawasha jiko la mkaa uani mpaka likashika vizuri, nikachemsha maji ya tangawizi, nikamwekea kikombe mahali mkono wake utakapokifikia. Redio nikaing'oa ukutani na waya wake.

Jirani alirudi mbio baada ya simu yangu. Jioni mzee alikuwa amepata joto na sauti, na sauti ile ilisema jambo moja kwa jirani, mimi nikisikia nyuma ya mlango: "Mwambie mwanangu aje anichukue. Nirudi nyumbani."

Mume wangu alikuwa Kongo, na lori halirudishwi nyuma kama baiskeli. Aliyekuja ni shangazi yake, dada wa mzee, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alishuka Tunduma na majogoo wawili kwenye kikapu, akamweka mzee kochini, mimi nikawa chumbani mlango wazi nusu, yeye akasimama katikati, kwenye fremu, akihamisha maneno.

"Mke wetu, anza wewe. Ilikuwaje?"

Nikaeleza. Umeme, redio, jinsi nilivyojua kwa hakika kuwa mzee yuko ndani.

"Kaka, na wewe ulikaa nje kwenye baridi kwa nini? Mlango ulifungwa?"

Mzee aliishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Nilisikia redio," alisema. "Mimi sikuiwasha. Nikajua mke wetu yuko sebuleni. Siku zote hizi amefungwa chumbani kwa ajili yangu. Nikasema, leo amepata nafasi, acha asikilize."

Shangazi alianza kucheka. Alicheka akatelezea kwenye fremu mpaka akaketi sakafuni, na jirani aliyekuwa mlango wa uani naye akaanza, na mimi chumbani nilikuwa nimebana mdomo kwa kitenge na machozi yanatoka, wala hayakuwa ya kicheko.

"Kaka," shangazi alisema alipopata pumzi, "unataka kupofuka kwa sababu ya redio? Nimeleta majogoo. Mmoja ni wako, mmoja ni wake. Mkono uliogusa tutausafisha hivyo, kama walivyofanya wazee."

"Majogoo mle," mzee alisema. "Hakuna cha kusafisha. Aliyenibeba alinigeuzia mgongo. Hakuniona, sikumwona."

Mfuko wake ulikuwa umeshafungwa, uko miguuni pake. Shangazi akaufungua akatoa nguo moja moja, akazirudisha msumarini.

Vwawa alipelekwa na shangazi. Mimi nilibaki. Wakamtoa ukungu jicho moja, kisha la pili, na nilipata habari kwa simu kipande kipande: ameona vidole, ameona saa ya daktari, amemwambia dada yake kuwa amezeeka vibaya. Walirudi Tunduma wakati wa magharibi, mimi nikiwa ndani na mlango umefungwa kama kawaida. Nilisikia fimbo ikigonga fremu. Kwa hatua zake nilijua kuwa sasa anaona: hakupapasa.

Jambo hilo, badala ya kunifurahisha tu, lilinitia wasiwasi mpya. Mzee wa vivuli ningeweza kumpita pembeni hata nikikosea hesabu. Huyu wa sasa angeniona hata nikichungulia. Alitakiwa abaki juma zima kwa ajili ya dawa za matone, na shangazi alikuwa anaondoka alfajiri. Nilipanga ndoo, maji, mkate, kila kitu chumbani, kama mtu anayesubiri kuzingirwa.

Asubuhi nilisikia samani zikiburutwa sebuleni. Kitu kizito, kidogo kidogo, na pumzi za mzee katikati. Niliogopa ataumiza macho. Madaktari walikuwa wamemkataza kuinua vitu. Kisha kukawa kimya. Kisha kikohozi, kile cha makusudi, kirefu, lakini hakikufuatiwa na hatua za kutoka. Kikaja tena. Jirani alikuwa bado hajafika na sikuwa na wa kumtuma.

Nilifungua mlango kidogo.

Kochi lilikuwa limegeuzwa. Mzee alikuwa ameliburuta mpaka likaelekea kwenye kona, mgongo wake ukiwa kwa sebule nzima, milango yote iko nyuma yake. Mbele yake palikuwa na ukuta wetu wa rangi ya maziwa, na mahali ambapo unyevu umebambua plasta, na msumari usio na picha. Alikuwa ameketi wima, mikono magotini, akiutazama.

"Nyumba ni ya kupita," aliuambia ukuta. "Anayetaka kupita na apite. Mimi kwa leo nina cha kutazama hapa."

Nilipita. Nilikwenda uani nikiwa nimesimama wima, si kwa kunyata, nikafika jikoni nikashika sufuria na nikasahau nilichotaka kuifanyia. Alikuwa ameishi muda wote ule gizani, amerudishiwa macho juzijuzi tu, nje kulikuwa na jua na mpaka na malori na watu wa nchi mbili, na yeye alikuwa amechagua kuangalia ukuta wangu uliobambuka. Nililia pale nikiwa na sufuria mkononi. Nikanawa uso. Kisha nikarudi ndani, nikapita nyuma yake, nikatoka tena, nikapita tena, na kila mara aliposikia miguu yangu alikaa vile vile, hakugeuka.